Mkono wa Kona Mbili

Dada mmoja ameniandikia barua kali. Anasema sina huruma hata chembe, mtu gani anamwacha mwenzake ndani ya pipa la unga wiki nzima, tena kachuchumaa, tena kifuniko juu? Dada yangu, pole. Nakifungua sasa hivi.

Ila kwanza, kwa yule aliyelikosa gazeti lililopita kwa sababu shemeji yake aliliwahi akafungia viatu: aliyemo pipani ndiye mwenye mkasa. Kwao, mipaka miwili kutoka hapa, alikuwa muuza unga, na sisemi unga wa mikate. Jina lake la mtaani lilikuwa Kona Mbili. Wenzake wote walifunga kete, yaani dozi moja ya mteja, kwa kukunja karatasi na kuchomeka kona moja. Yeye aliichomeka ya kwanza, akaigeuza karatasi, akaichomeka ya pili chini ya ile ya kwanza, na kete yake haikumwagika hata ukiruka nayo ukuta. Mkunjo huo ulikuwa wake peke yake, na aliuonea fahari kama mtu aliyevumbua gari.

Polisi wa kwao wanamtafuta, mwaka wa sita huu. Huku ugenini jina la Kona Mbili hajalitamka hata mara moja, hata usingizini, anaapa. Huku anaitwa Mwalimu, maana alidanganya kwamba alikuwa akifundisha hesabu. Kazi yake ni kukata madonge ya mikate kwa Mama Tanuri, na Jumamosi hii anamwoa binti wa Mama Tanuri, yule ambaye mtaa mzima unamwita Kiranja kwa sababu hata paka wa jirani humpangia foleni.

Leo ni Jumanne. Saa nne asubuhi, bwana mmoja mwenye suti ya kijivu na beji kifuani amesimama kaunta na kuuliza kwa sauti ya serikali: "Yuko wapi huyo anayepima kwa mkono?"

Basi ndiyo maana ya pipa.

Mwenyewe amenipa madaftari yake manne aliyoandika maisha yake ya kukimbia, nami nayasoma neno kwa neno. Kuhusu pipa ameandika: "Nilitulia kama maji mtungini." Muongo mkubwa! Nimeuliza waliokuwepo. Pipa lilipiga chafya tatu.

"Pipa lenu lina mafua?" yule bwana wa suti akauliza.

"Ni fundi wetu," Kiranja akajibu bila kupepesa macho. "Anakagua unga kwa ndani. Mwalimu, toka huko, una mgeni."

Kifuniko kikanyanyuka. Kikatokea kichwa cheupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe, na katikati macho mawili yanayotafuta dirisha. Dirisha lilikuwa moja, la chooni, na lina nondo. Alishalipima tangu wiki ya kwanza kazini.

"Wewe ndiye unayepima kwa mkono?"

"Inategemea nani anauliza, mkubwa."

Bwana akageuza beji yake iangalie mwanga. "Mkaguzi. Ofisi ya Mizani na Vipimo."

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka akiwa bado pipani, alicheka akitoka, alicheka mpaka akashikilia meza, na unga ukawa unamdondoka huku mabega yakiruka. Mizani na vipimo! Hakuna pingu wala picha yake iliyokunjwa mfukoni. Ni mtu wa mizani!

"Kuna kitu kinachekesha?"

"Hapana, mkubwa. Nimefurahi tu kukutana na serikali."

Vumbi la unga lilikuwa limepanda mpaka kwenye picha iliyotundikwa juu ya kaunta. Kiranja akachukua kitambaa akaipangusa polepole, kama afanyavyo kila siku. Ni picha ya kaka yake, dereva wa malori ya masafa marefu, kijana wa kucheka na meno yote, aliyefariki miaka saba iliyopita. Mapafu, husema Mama Tanuri mtu akiuliza, na mazungumzo huishia hapo.

Mkaguzi naye hakuwa na habari na picha. Alishafungua faili.

"Tumepata malalamiko kwamba duka hili halina mizani. Mikate inakatwa kwa kukisia. Hilo ni kosa. Mkate mmoja tu ukipungua uzito, nafunga duka leo hii, na huyu bwana nakwenda naye ofisini akaandikishe maelezo. Jina kamili, alikotoka, alama za vidole."

Kicheko kikakauka. Alama za vidole! Vidole vile vile kumi ambavyo kwao vilikuwa vimepigiwa chapa kwenye kila kituo cha polisi. Maelezo yakiandikwa, Jumamosi hakuna ndoa. Kuna gari lenye vioo vya wavu.

Hapo ndipo Mama Tanuri alipotokea kutoka jikoni, mfupi, mpana, mikono imepakaa unga mpaka viwikoni, na sauti yake ikamtangulia.

"Nani anasema mikate yangu inapungua? Wewe? Umekula wangapi?"

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi niko wapi, harusini? Mizani ilianguka miezi mitatu iliyopita ikafa. Toka hapo anapima huyu mwanangu, na mkono wake haujawahi kukosea."

"Mkono wa binadamu si kipimo cha kisheria."

"Basi mlete huyo asiye binadamu apime!"

Mkaguzi akaanza kuzunguka duka akitafuta kosa lingine. Akachungulia rafu. "Na hii hamira, mbona iko kwenye kopo la maziwa?"

"Nyumba hii hatufungi kitu kwenye karatasi," Mama Tanuri akasema kwa mkato, na Mwalimu akatikisa kichwa kuunga mkono.

Sheria hiyo aliijua vizuri. Siku yake ya kwanza kazini, miaka miwili iliyopita, Kiranja akiwa sokoni, Mama Tanuri alimwambia ahifadhi hamira iliyobaki, naye akaifunga kwenye kikaratasi. Mama alikishika kile kikaratasi, akakitazama muda mrefu, akakitupa ndani ya tanuri. Jioni ile ile likaletwa kopo, na amri kwamba nyumba hii hatufungi kitu kwenye karatasi. Mwalimu aliona ni mama wa usafi tu, wako wengi wa aina hiyo, na hakuliwaza tena.

"Mpimie," Mama Tanuri akamwambia sasa. "Mpimie serikali mkate, mwanangu."

Mkaguzi akafungua begi. Akatoa mizani yake mwenyewe, inayong'aa, na kisanduku cha mawe ya shaba yaliyopangwa kama watoto wa shule, mkubwa mpaka mdogo. Akaisawazisha meza kwa kipande cha kadibodi. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakasogea. Kutoka kibanda cha jirani akaja fundi viatu, kiatu cha mtu bado kimevaliwa mkononi.

"Gramu mia tano," Mkaguzi akaamuru.

Mwalimu akapiga kisu, akachota donge, akalitua juu ya mizani. Hata halikubonyea.

Mia tano.

"Bahati," Mkaguzi akasema.

"Bahati inaamka saa kumi alfajiri?" akauliza Mama Tanuri.

"Tena. Mia tano."

Mia tano. Mara ya tatu, mia tano. Mteja mmoja akapiga kofi moja, peke yake, kisha akaona aibu.

Mkaguzi akakunja uso. Akavua koti akamkabidhi Kiranja, ambaye alilipokea na kulipangia msumari. "Mmezoea mia tano. Haya, nikatie mia tatu sabini na tatu."

"Na tatu?" fundi viatu akaruka. "Ya nini hiyo na tatu? Huo ni uonevu!"

"Mia tatu sabini na tatu."

Mwalimu akafumba macho. Hakuwa na haja ya kufumba, bali siku ilishaanza kumnogea. Kisu kikashuka. Akalinyanyua donge, akalipima kiganjani, akachuna kipande kidogo kama punje mbili za mahindi, akakitupa. Akalitua.

Sindano ya mizani ikayumba, ikayumba, ikasimama. Mkaguzi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa donge.

"Mia tatu... sabini... na tatu."

Duka likalipuka! Waliokuwa nje wakaingia, waliokuwa ndani wakapanda juu ya makreti. Fundi viatu alikuwa akitangaza kwamba Mwalimu akikosea hata mara moja, yeye atakila kile kiatu, soli kwa kamba, na mwenye kiatu akawa anapiga kelele kwamba hakuulizwa. Mama Tanuri akazunguka akigawa vipande vya mkate wa moto kwa kila mtu, hata Mkaguzi akapewa, hata akala.

"Mia moja na kumi na tisa!" "Mia sita na mbili!" "Themanini na moja!" Sasa walikuwa wanaamuru wateja. Mkono ukajibu kila mara. Shati la Mkaguzi lilishatoka surualini, jasho linamtiririka, na kila sindano ikisimama alikuwa anapiga meza ngumi na kusema, "Haiwezekani! Jamani, haiwezekani!" kwa furaha ya mtu ambaye amekagua mizani miaka ishirini na leo ndiyo ya kwanza kufurahi.

"Umejifunza wapi hii?"

"Hesabu, mkubwa. Nilikuwa mwalimu."

"Hesabu yangu mimi iliishia kwenye fimbo," akasema Mkaguzi, na watu wakacheka mpaka unga ukapanda hewani.

Nitamsema vizuri mahali hapa, maana daftari linasema vizuri. Ameandika kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Alikuwa na mkono hodari kuliko yeyote aliyemjua, akautumia gizani, kwa kazi ambayo ukiisifu unafungwa. Leo watu arobaini wanaushangilia mchana kweupe, na kati yao yuko Kiranja, macho yanang'aa, anamwambia kila anayempita, "Huyo ndiye wangu." Alifurahi kupita kiasi. Jamani, mtu akifurahi hivyo lazima kuna kitu anakisahau.

Kutoka jikoni ikaja harufu. "Mikate yangu!" Mama Tanuri akapiga yowe, akatimua mbio kuelekea tanurini.

Mkaguzi naye akawa ameingiza mkono chini kabisa ya begi. Akatoa kimizani kidogo, cha kutosha kiganjani, kile cha kupimia vidani vya sonara. Akakiweka mezani kwa heshima kama anaweka yai.

"Hii ni ya mwisho. Masonara wa mji huu wote nimewajaribu wakashindwa. Unga mkavu. Gramu moja."

Mwalimu akamtazama, na akataka kucheka tena. Gramu moja! Mia sita na mbili ilimtaka afikiri kidogo. Gramu moja alikuwa ameipima mara ngapi? Akichelewa basi, akiongea, akitafuna, akiwa na homa. Akazamisha vidole viwili na gumba ndani ya unga, akanyanyua, akadondosha.

Moja. Bila nukta hata moja ya ziada.

Sitaelezea kelele. Nitasema tu kwamba fundi viatu alikibusu kiatu, na kilikuwa cha mtu wa machinjioni.

"Hii naipeleka ofisini!" Mkaguzi akapiga ukelele. "Bosi wangu lazima aione kwa macho yake!" Akachana karatasi kutoka daftari lake, akaitupa mezani. "Nifungie!"

Mwalimu alikuwa ameshageuka kumjibu mtu mmoja aliyemtaka aje ampimie mtoto wake mchanga. Mdomo ulikuwa unamwambia yule baba kwamba mtoto hapimwi kwa kisu. Mikono yenyewe ikaendelea na kazi. Karatasi ikakatwa mraba, unga ukaenda katikati, ikakunjwa, kona ya kwanza ikachomekwa. Ikageuzwa. Kona ya pili ikachomekwa chini ya ile ya kwanza. Sekunde nne, labda tano. Kisha akakirusha hewani kile kikaratasi, kikatua kwenye kiganja cha Mkaguzi, na watu wakapiga makofi tena.

Ndipo akaona alichofanya.

Akamtazama Mkaguzi. Mkaguzi anacheka, hana habari. Akatazama watu, wote wanacheka. Akaanza kuvuta pumzi.

"Samahani, mkubwa," ilikuwa sauti ya Kiranja. Akanyoosha mkono, akakichukua kile kikaratasi kiganjani kwa Mkaguzi. "Hiki kitakuvujia mfukoni. Ngoja nikuwekee kwenye mfuko wa nailoni."

Akamfungia unga mwingine, kwa adabu zote. Kile cha kwanza akakitia kwenye mfuko wa aproni yake.

Kona Mbili alijua kwamba hakivuji.

Mkaguzi akaandika ripoti akiwa wima, akicheka peke yake. Mikate haina kasoro. Mizani itengenezwe ndani ya wiki mbili, kwa ajili ya sheria tu. Akavaa koti, akampa Mwalimu mkono, akautazama ule mkono mbele na nyuma, akaondoka akitikisa kichwa. Fundi viatu akamsindikiza akimsimulia mambo yale yale aliyoyaona kwa macho yake. Wateja wakabeba mikate yao. Duka likabaki na watu wawili.

Kiranja akageuza kibao cha mlangoni kikasoma TUMEFUNGA. Akazungusha ufunguo.

"Saa sita mchana?" Mwalimu akajaribu kutabasamu. "Mama atatuua."

Kiranja akapanda juu ya stuli, akaishusha picha ya kaka yake, akaigeuza. Nyuma ya fremu palikuwa na bahasha iliyogandishwa kwa gundi ya karatasi. Akaibandua. Ndani ya bahasha mlikuwa na kikaratasi kidogo, cha manjano kwa umri, kilichokunjwa. Akakiweka mezani.

Kona mbili.

"Hiki nilikitoa kwenye mfuko wa shati lake siku tuliyomwosha," akasema. Sauti haikupanda wala kushuka. "Mama husema mapafu. Mimi ndiye niliyefua nguo zake. Kila akirudi safari ya kule kwenu alikuja navyo. Nimeuliza watu, nimewaonyesha mpaka wavuta bangi wa stendi. Wote wananiambia kete ni kona moja. Hii ya kona mbili hawajaiona. Miaka saba namtafuta mwenye mkono huu."

"Kiranja, mpenzi, karatasi ni karatasi, mtu yeyote anaweza..."

"Usinipe mdomo. Nipe mkono."

Akamwekea karatasi mraba na unga kidogo.

"Kunja tena. Polepole. Mbele yangu."

Sasa msomaji, simama hapa na mimi kidogo. Hakuna aliyeutambua ule mkunjo ila Kiranja, na Kiranja aliona kwa kupitia tu, mikono ikikimbia. Akichomeka kona moja, atakuwa amekunja kama wahuni wote wa dunia. Atasema alijifunza shuleni kwa wanafunzi watundu, na kwamba kona ya pili ya kile kilichomo kwenye aproni ilijichomeka kwa haraka tu. Kiranja anataka kuamini, inaonekana usoni mwake, anaomba Mungu aamini. Kona moja tu, na Jumamosi anaoa.

Mwalimu akakunja. Akachomeka kona ya kwanza. Mkono ukasimama.

Akanyanyua macho akaitazama ile picha iliyolala mezani, yule kijana mwenye meno yote. Akaitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu aingie duka hili. Kwenye daftari la tatu, mahali hapa, mwandiko umepinda. Ameandika hivi: "Nilimtafuta kichwani mwangu. Sikumkumbuka. Nilikuwa nawapa wengi mno. Nilikula mkate wa mama yake miaka miwili, na sikumkumbuka."

Akaigeuza karatasi. Akaichomeka kona ya pili.

Kiranja akakichukua kile kipya, akakiweka kando ya kile cha manjano, akavinyoosha vilingane. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nisamehe," Mwalimu akasema, na sauti ilitoka kama ya mtu anayezama.

"Mama!" Kiranja akaita. "Mama, njoo!"

Mlango wa jikoni ukapigwa teke ukafunguka. Mama Tanuri akaingia na sinia la mikate ya moto, bado ana raha ya ushindi, bado anaimba. "Nani huyo kafunga duka wakati watu wana njaa? Mwanangu, leo umetutoa kimasomaso, leo..."

Akaona picha imeshushwa. Akaona uso wa binti yake. Akaona vile vikaratasi viwili.

Akalitua sinia. Akafuta mkono mmoja kwenye aproni, kisha wa pili, taratibu, wala hakuonekana kushtuka. Macho yake yakamwendea mkwewe mtarajiwa, aliyesimama mweupe kwa unga.

"Siku ya kwanza kabisa nilikwambia," akasema, "nyumba hii hatufungi kitu kwenye karatasi. Jina la mwenye mkunjo huu, marehemu alinitajia kabla hajafa."

Akaivuta stuli kwa mguu, akaisukuma mbele yake.

"Sasa keti, Kona Mbili."